Dibaga haioni alama za maktaba baada ya kujenga upya msimbo, naombeni ushauri

Mpima_Kina

Wakuu, habari za muda huu. Kuna jambo limenikwamisha, naomba mwenye uzoefu nalo anishike mkono.

Ninafanyia kazi programu ya C++ kwenye Linux. Inajengwa kwa CMake na kompaila ya GCC, na dibaga (programu ya kusakia hitilafu) ninayotumia ni GDB. Programu yenyewe ni ndogo, shughuli nzito zote zimo ndani ya maktaba inayopakiwa programu inapoanza, tuiite `libinjini.so`. Hapo awali nilikuwa naweka brekipointi (alama ya kuisimamisha programu) kwenye funksheni yoyote ya maktaba hiyo, programu inasimama, naiona mistari ya msimbo na thamani za vigeu bila shida.

Juzi nimebadilisha funksheni kadhaa, nikajenga upya na kusakinisha. Programu inafanya kazi, na mabadiliko yangu yamo, maana hata ujumbe mpya niliouongeza unatoka kwenye skrini. Lakini dibaga haioni tena alama za maktaba, yaani majina ya funksheni, vigeu na mistari ya msimbo. Nikiweka brekipointi kwa jina la faili na namba ya mstari inanijibu hivi:

`No source file named kokotoa.cpp.`
`Make breakpoint pending on future shared library load? (y or [n])`

Nikikubali, programu inakwenda mpaka mwisho bila kusimama popote. Swichi ya `-g`, inayoiambia kompaila iweke taarifa za dibaga, ipo. Nimefuta saraka yote ya ujenzi na kuanza upya, nimefunga dibaga na kuifungua, hali ni ile ile. Ndani ya maktaba hiyo kuna hitilafu ya kumbukumbu ninayoifuatilia, na bila dibaga nimebaki kuchapisha maandishi kila baada ya mistari michache. Natanguliza shukrani.

Kasi_Moja

Mkuu, anzia kwenye aina ya ujenzi. CMake ikiwa kwenye `Release` inampa GCC `-O3 -DNDEBUG`, hakuna `-g` hapo. Chaguo hilo linahifadhiwa ndani ya `CMakeCache.txt`, kwa hiyo linaweza kuendelea kutumika bila wewe kuliandika tena. Fanya `grep CMAKE_BUILD_TYPE CMakeCache.txt`. Ukikuta `Release`, weka `RelWithDebInfo` au `Debug`.

Mpima_Kina

Asante mkuu. Nimeangalia, ni `RelWithDebInfo`. Na nikiwasha `make VERBOSE=1` naiona `-g` kwenye kila mstari wa kukompaili.

Fundi_Mzizi

Basi kompaila imefanya kazi yake, tuiache. Swali ninaloanza nalo siku zote kwenye mambo haya ni moja: faili ambalo dibaga imelipakia ndilo hilo ulilolijenga? Ulisema ulijenga *na kusakinisha*. Hayo ni mafaili mawili katika saraka mbili, na katikati yake yanaweza kupita mambo mengi.

Endesha programu ndani ya GDB, isimamishe kwenye `main`, kisha andika `info sharedlibrary`. Itakupa orodha ya maktaba zote pamoja na njia kamili ya kila moja. Ukiona nyota pembeni ya `Yes`, maana yake maktaba imesomwa lakini haina taarifa za dibaga. Nakili njia hiyo ilivyo, usiiandike kwa kukumbuka.

Halafu toka nje na ulinganishe mafaili mawili, lile la njia hiyo na lile lililo kwenye saraka ya ujenzi:

`file njia/ya/libinjini.so`
`readelf -n njia/ya/libinjini.so`

Amri ya kwanza itakuambia kama faili bado lina `with debug_info` au limeshavuliwa, yaani taarifa hizo zimeondolewa. Ya pili itakuonyesha Build ID. Huo ndio utambulisho wa faili: linka (inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa faili moja) huukokotoa kutokana na yaliyomo na kuuandika ndani, kwa kawaida ni baiti 20, yaani herufi na tarakimu 40. Kuvua alama kwa `strip` hakuubadilishi. Ukibadilisha msimbo na kujenga upya, unapata mwingine. Ikiwa hauonekani kabisa, ongeza `-Wl,--build-id` wakati wa kulinki, utakusaidia sana huko mbele.

Tuletee majibu yote, na uangalie pia onyo lolote ambalo GDB inatoa wakati wa kupakia maktaba. Mara nyingi jibu limeshaandikwa pale juu, limepita tu kwa kasi.

Upepo_Mwema

Naongezea jambo moja kabla hajarudi. Kama mtu anaiunganisha dibaga na programu ambayo tayari inaendeshwa, aangalie pia `/proc/PID/maps` (PID ni namba ya programu hiyo). Ukiona `(deleted)` mbele ya jina la maktaba, programu hiyo bado imeshikilia faili la zamani ambalo limeshaondolewa kwenye diski. Hapo utajenga mpaka uchoke, mpaka uizime programu na kuiwasha upya.

Mpima_Kina

Nimerudi. `info sharedlibrary` inaonyesha `/opt/injini/lib/libinjini.so` ikiwa na nyota. Faili hilo `file` inasema ni `stripped`. Lile la saraka ya ujenzi ni `with debug_info, not stripped`. Build ID zao zinafanana herufi kwa herufi.

Na onyo lipo kweli, nimelipata juu kabisa:

`warning: the debug information found in "/usr/lib/debug/opt/injini/lib/libinjini.debug" does not match "/opt/injini/lib/libinjini.so" (CRC mismatch).`

Usakinishaji unafanywa na skripti niliyoikuta kwenye mradi. Inatenganisha alama na kuziweka kwenye faili la pembeni, halafu inavua maktaba.

Kasi_Moja

Kama alama ziko kwenye faili la pembeni, si umlazimishe tu GDB alisome? Kuna amri ya `add-symbol-file`.

Fundi_Mzizi

Hapana ndugu yangu, hilo naomba tusimshauri mtu. Faili la alama ni ramani: anwani hii ndani ya maktaba ni mwanzo wa funksheni fulani, anwani ile ni mstari wa 212, kigeu fulani kiko kwenye rejista fulani. Ukijenga upya, anwani zinahama. Ukiilazimisha dibaga isome ramani ya ujenzi uliopita, haitalalamika kila hatua, itakuonyesha tu mambo ambayo si kweli. Brekipointi itakaa katikati ya funksheni nyingine, kigeu kitasoma takataka, na mrundikano wa miito utakuwa na majina ambayo hayakuitwa kabisa. Mtu anayefuatilia hitilafu ya kumbukumbu ndiye wa mwisho kupewa dibaga ya namna hiyo, kwa sababu thamani za ajabu ndizo anazozitafuta. Bora isiyoona kabisa.

Sasa kwa Mpima_Kina. Onyo lako limemaliza kazi. Alama zikitenganishwa, ndani ya maktaba iliyovuliwa hubaki sehemu ndogo iitwayo `.gnu_debuglink`. Humo mna mambo mawili: jina la faili la pembeni, na CRC ya biti 32, yaani hesabu ya kuhakiki yaliyomo ndani ya faili hilo. GDB ikilipata faili lenye jina hilo inapiga hesabu upya. Zikitofautiana inalikataa, na ina haki. Kwa hiyo maktaba yako ni mpya, `libinjini.debug` iliyoko `/usr/lib/debug` ni ya zamani. Lithibitishe kwa `readelf -n` kwenye hilo faili la `.debug`, utaona Build ID tofauti. Kisha tuwekee sehemu ya skripti inayolinakili.

Mpima_Kina

Ni kweli kabisa, Build ID ya faili la `.debug` ni nyingine. Sehemu yenyewe ya skripti ni hii:

`objcopy --only-keep-debug libinjini.so libinjini.debug`
`strip --strip-debug --strip-unneeded libinjini.so`
`objcopy --add-gnu-debuglink=libinjini.debug libinjini.so`
`[ -f "$LENGO/libinjini.debug" ] || cp libinjini.debug "$LENGO/"`

Fundi_Mzizi

Mstari wa mwisho ndio huo. Unasema: kama faili lipo kwenye lengo, usinakili. Usakinishaji wa kwanza unapita salama, na kila ujenzi unaofuata unaacha alama za kale palepale. Ndiyo maana hata kufuta saraka ya ujenzi hakukusaidia, faili lenye tatizo halikuwa humo. Ondoa sharti, linakili kila mara.

Mpangilio wa mistari mitatu ya juu ni sahihi, usiubadilishe. Alama zinatolewa kabla ya kuvua, na kiungo kinaongezwa baada ya faili la `.debug` kukamilika, kwa kuwa CRC inapigwa wakati ule ule wa kuongeza. Ukiligusa faili la `.debug` baada ya hapo, hata kwa kulibana, hesabu inaharibika.

Ushauri wangu zaidi ni uhamie kwenye njia ya Build ID. Chukua zile herufi 40, mbili za kwanza ziwe jina la saraka, 38 zilizobaki ziwe jina la faili: `/usr/lib/debug/.build-id/ab/cdef….debug`. GDB huanza kutafuta hapo kabla ya kiungo cha jina. Faida yake ni kwamba alama za kila ujenzi zinakaa mahali pake, ya zamani haiwezi kuikalia mpya, na siku ukiletewa core (nakala ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka) ya toleo la nyuma bado unazo alama zake.

Jiwe_la_Kona

Samahani nadandia uzi. Mimi natumia Visual Studio kwenye Windows na naona kitu kinachofanana. Brekipointi inageuka duara tupu, na ujumbe unasema `No symbols have been loaded for this document.` DLL (maktaba ya Windows) nimeijenga upya sasa hivi.

Upepo_Mwema

Kanuni ni hiyo hiyo, mkuu. Kwa Windows utambulisho ni GUID pamoja na namba inayoitwa age. Vyote viwili vimeandikwa ndani ya DLL na ndani ya PDB, yaani faili lake la alama, na lazima vilingane. Wakati programu inaendeshwa fungua dirisha la Modules, itafute DLL yako na usome njia yake. Ukikuta imepakiwa kutoka saraka nyingine, umepata jibu. Ikiwa njia ni sahihi, bofya kitufe cha kulia juu yake uchague Symbol Load Information, utaona kila mahali PDB ilipotafutwa na sababu ya kukataliwa. Ikiwa DLL haimo kabisa kwenye orodha, basi bado haijapakiwa, na brekipointi itajazika itakapopakiwa.

Kwa wa macOS, `dwarfdump --uuid` kwenye programu na kwenye dSYM yake (zinakokaa alama), kisha linganisha.

Nyuzi_Tatu

Kuna sababu nyingine ambayo dalili zake zinakaribiana na hizi, niiweke kwa atakayepita hapa baadaye. Ukiboresha kompaila bila kuboresha dibaga, unaweza kukutana na `Dwarf Error: wrong version in compilation unit header`. GCC 11 ya mwaka 2021 ilianza kutoa DWARF 5 (toleo la tano la muundo wa taarifa za dibaga) bila kuambiwa, na Clang 14 ikafuata mwaka 2022. GDB ya zamani haiielewi. Boresha GDB, au jenga kwa `-gdwarf-4`.

Mpima_Kina

Wakuu, imekubali! Nimeondoa sharti, nimesakinisha upya, na brekipointi imesimama ndani ya `kokotoa.cpp` kama zamani. Nimeongeza pia hatua kwenye skripti inayosoma Build ID ya mafaili yote mawili na kusimamisha usakinishaji zikitofautiana. Fundi_Mzizi, nashukuru sana kwa subira yako.

Limebaki dogo. Kwenye kompyuta ya mwenzangu alama zinasomwa vizuri lakini mistari ya msimbo haionekani, GDB inasema `No such file or directory`. Yeye msimbo ameuweka saraka tofauti na yangu.

Fundi_Mzizi

Alama zimebeba njia ya saraka ulikojengea wewe, kwake njia hiyo haipo. Aandike ndani ya GDB:

`set substitute-path /njia/yako /njia/yake`

Aiweke kwenye `.gdbinit`, faili ambalo GDB husoma inapoanza, ili asiirudie. Na ahakikishe toleo la msimbo alilonalo ndilo ulilolijengea, la sivyo mistari itaonekana lakini haitakuwa yenyewe.