Jengo la Prairie Farmer, Chicago: gazeti na redio ya wakulima nyumba moja

Binti wa Mwandiga:
Shikamooni wakubwa. Marehemu baba alikuwa na michikichi hapa Mwandiga, Kigoma, na kila nakala ya gazeti la Ukulima wa Kisasa aliyoipata aliitunza kwenye sanduku la bati. Sasa sisi akina mama tisa tunaokamua mawese tumepata chumba sokoni Mwanga, tunataka kutoa karatasi ya wakulima kila mwezi. Nikitafuta mifano nikakutana na jengo la Prairie Farmer, gazeti la wakulima wa Marekani, 1230 West Washington, Chicago. Kwa nini gazeti la shamba likae mjini? Na redio iliingiaje humo?

Bwana Shamba Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Gazeti hilo lilianzishwa na John S. Wright mwaka 1841. Chicago ndiko reli zilikokutana: nafaka na mifugo vilishukia pale, bei zikajulikana pale kwanza. Redio ya WLS ilianzishwa 1924 na Sears, duka lililowauzia wakulima bidhaa kwa posta. Mwaka 1928 Burridge Butler, mwenye gazeti, akainunua, studio zikahamia jengoni kwake.

Mchana walitangaza bei za mifugo na hali ya hewa. Jumamosi usiku muziki wa vijijini, National Barn Dance. Muziki uliwaita watu, bei zikawakuta wameshakaa. Mwaka 1932 onyesho likahamia Eighth Street Theatre, watu wakalipa kiingilio. Mwaka 1960 redio ikageuzwa ya muziki wa vijana. Mimi hilo linaniuma hadi leo.

Nilipokuwa Kasulu, Ukulima wa Kisasa kilikuwa pia kipindi cha Redio Tanzania. Masika yakikata barabara, gazeti lilikwama njiani. Kipindi kilifika siku ileile. Kwa hiyo msiiache redio.

Mchapaji wa Ujiji:
Dada, anzeni na ukurasa mmoja, pande mbili. Bei ya dumu la mawese la lita 20 Mwanga, Kibirizi na Ujiji, pamoja na tarehe. Bei isiyo na tarehe inampoteza mtu.

Binti wa Mwandiga:
Asanteni sana. Wenzangu wanauliza kila siku kama miche ya tenera, ile michikichi chotara, waliyouziwa ni tenera kweli.

Bwana Shamba Mstaafu:
Basi upande wa pili chora matunda mawili yaliyokatwa katikati: dura, chikichi letu la kienyeji, yenye gamba nene la kokwa, na tenera yenye gamba jembamba na nyama nyingi. Nitumie mchoro niukague kabla hamjachapa.