Ushauri: mpwa wangu anataka urubani. Tuuze mikorosho au aanze na shahada?

Mjomba wa Tandahimba

Habari za jioni wakuu, na shikamoo kwa walionitangulia.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na amepata daraja la pili. Utotoni likizo zake zote alikuwa anakwenda kwa mama yake mdogo Mtwara mjini, na kila ndege ya mapangaboi ikitua alikuwa wa kwanza kutoka nje. Tulidhani ni utoto. Sasa ana miaka 19 na neno lake ni lile lile, anataka kuwa rubani.

Kwetu huku mjomba ndiye anayeulizwa, kwa hiyo jambo lipo mikononi mwangu. Bibi yake amesema tuuze shamba la bondeni, mikorosho kama tisini hivi, yote inazaa. Ndilo linalomlisha bibi mwenyewe. Na amekuja kijana mmoja anayejiita wakala, ana picha za chuo cha nje, anasema ni shahada ya urubani ya miaka mitatu na ajira ipo mwishoni. Anataka tuweke kianzio kabla mwezi haujaisha.

Naomba mnisaidie. Shahada ya mambo ya anga ndiyo inayomfanya mtu awe rubani? Bodi ya Mikopo inaingia hapo? Na binti anavaa miwani, hilo halitamzuia?

FundiHanga

Marahaba mjomba. Mimi ni fundi ndege, natokea Newala, nipo Dar. Nakuomba usiuze kitu wiki hii.

Shahada na leseni ni vitu viwili, na wazazi wengi wanapotelea hapo. Chuo kinatoa shahada. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na bila hiyo huruhusiwi kushika usukani wa ndege ya abiria hata uwe na shahada tatu. Kanuni za dunia za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka saa 200 za kuruka ili upate leseni ya rubani wa biashara, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa moja kwa moja. Kuwa rubani kiongozi kwenye ndege kubwa ni leseni nyingine, inaanzia saa 1,500. Kinachokula hela ni hizo saa, maana kila saa ni mafuta, matengenezo ya ndege na mwalimu, na bei mara nyingi inasomwa kwa dola. Safari nzima mpaka leseni ya biashara inaweza kupita shilingi milioni 100. Mikorosho tisini haifiki huko. Mtauza shamba, binti ataruka saa arobaini au hamsini, halafu atakaa nyumbani na kitabu cha kumbukumbu za saa kisicho na kazi. Nimewaona vijana wa namna hiyo, inauma.

Kwa hiyo muulizeni huyo wakala: ada yake ina saa ngapi za kuruka ndani yake? Chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi gani? Leseni hiyo TCAA wataibadilisha kwa masharti gani? Akibabaika, muageni kwa heshima.

Sasa shahada. Shahada za anga zina thamani kubwa sana, ila nyingi zinakupeleka kwenye kazi za huku chini ardhini: uhandisi wa matengenezo ya ndege, usimamizi wa viwanja, uratibu wa safari, usalama wa anga. PCM ni dhahabu kwenye uhandisi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo wanafundisha matengenezo ya ndege, mwanzieni hapo kuulizia. Nasi mafundi tuna leseni yetu. ICAO inataka uzoefu wa miaka minne, au miwili ukimaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Ndege ikitoka karakana, hairuki mpaka fundi mwenye leseni aweke saini yake. Rubani anapokea ndege kwa sahihi yangu. Mpe binti habari hiyo, asije akadhani nje ya urubani hakuna heshima.

Mama Chikongola

Ndugu yangu, mimi nilimpa wakala hela. Alikuwa na picha na barua yenye mhuri kama huyo wako. Mwanangu alifika nchi ya watu akakuta ni madarasa matupu, ndege hakuna, wanasoma kwa kompyuta. Chuo sitakitaja. Tulikuwa tumetoa hela ya misimu miwili ya korosho. Usikubali kuharakishwa na tarehe ya mtu.

Mnarani

Nimefurahi umeuliza habari ya miwani, wengi wanamkatisha mtoto tamaa bure. Miwani haimzuii, ilimradi akivaa aone kwa kiwango kinachotakiwa. Kinachoweza kumwangusha mtu ni kutotofautisha rangi. Rubani wa biashara anapimwa afya ya daraja la kwanza, na sisi waongoza ndege daraja la tatu. Mpelekeni kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA apimwe KABLA ya kulipa ada yoyote. Kipimo hicho ni hela ndogo ukilinganisha na shamba.

Halafu mmesahau kazi yetu. TCAA wana chuo chao Dar, ndiko wanakofundishwa waongoza ndege. Nilitoka Nachingwea sijawahi kupanda hata lifti, leo nazungumza na marubani usiku kucha. Kiingereza aanze kukinoa sasa hivi, kwa sababu rubani na mwongoza ndege wote lazima wafike ngazi ya nne ya ICAO, na ukiishia ya nne unapimwa upya kila baada ya miaka mitatu. Hesabu za kichwa pia.

Kijana wa Masasi

Mimi nitapingana kidogo na fundi. Mkimwambia binti aende matengenezo, mnamzima. Ndoto ya kuruka haitulizwi na spana.

FundiHanga

Kijana, simzimi. Namtafutia njia isiyoanzia kwenye chakula cha bibi. Wapo marubani waliopitia hanga, yaani karakana ya ndege, walifanya kazi, wakalipia saa zao kidogo kidogo kwa mshahara wao. Inachelewa, kweli. Sitamdanganya kwamba ni rahisi. Lakini siku akikwama katikati, ana fani inayomlipa, na ndege yenyewe anaijua mpaka utumbo.

Kuhusu mkopo mjomba: Bodi inakopesha shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza hata stashahada za fani za kipaumbele, usafirishaji ukiwemo. Lakini unakopeshwa kwa chuo na kozi iliyo kwenye orodha yao, hivyo angalieni kwanza kwamba kozi inatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kama ni stashahada. Saa za kuruka za chuo binafsi cha nje msizihesabie humo. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa na la kwenye matokeo lifanane herufi kwa herufi, huko ndiko maombi ya watoto wetu wa kusini yanakokwama.

Mjomba wa Tandahimba

Nimewasomea wote nyumbani, bibi akiwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hata anayetengeneza anaweza kuzuia ndege isiruke?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akasema kumbe kuna kazi ya maana huko chini.

Binti mwenyewe alilia kidogo, sitawaficha. Baadaye akachukua simu akasoma maneno ya Mnarani mara mbili. Wakala nimempigia nikamuuliza saa za kuruka, akasema tutaongea tukishalipa. Nimemwambia basi.

Jumatatu nampeleka Mtwara kushughulikia cheti cha kuzaliwa, maana kweli jina la katikati limekosewa. Kipimo cha macho tutafanya Dar mwezi ujao, atafikia kwa shangazi yake Mbagala. Fundi, akifika, unaweza kumpokea hata nusu saa akaona karakana ilivyo?

FundiHanga

Ndani ya hanga haingii mtu bila kibali, nitamwombea, nikijibiwa nitakujulisha. Kama kibali hakijatoka, nitakutana naye nje nimwoneshe vitabu ninavyosomea. Aje na daftari. Na mwambie aje na maswali yake mwenyewe, yako nimeshayajibu.

Mjomba wa Tandahimba

Ameshaanza kuyaandika. Ahsanteni. Mie narudi bondeni, salfa ya mikorosho ya msimu huu bado sijapuliza.