LEOSA, leseni ya jimbo, au kubeba bila leseni: ipi inatufaa sisi wa ambulensi, magereza na serikalini hapa Marekani?

Mtoto_wa_Temeke (Texas)

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi nafanya kazi kwenye ambulensi hapa Texas, nina grini kadi. Mke wangu ni nesi katika hospitali ya serikali kuu ya wanajeshi wastaafu. Shemeji yangu ni askari wa jela ya kaunti huko Maryland. Wote tunatoka kazini usiku wa manane, na tumeamua kila mmoja apate njia halali ya kubeba bastola ya kufichwa.

Kila tunayemuuliza ana lake. Mmoja anasema kitambulisho cha serikali kinatosha, unabeba jimbo lolote kwa LEOSA, ile sheria ya serikali kuu ya maafisa wa usalama kubeba silaha. Mwingine anasema Texas siku hizi haitaki leseni, tusitupe pesa. Wa tatu anasisitiza leseni ya jimbo. Walio ndani ya kazi hizi, naomba mtulinganishie.

Afande_Mstaafu

Mkuu, huyo wa kwanza anawapotosha, tena upotoshaji wa kumfunga mtu. LEOSA ilisainiwa 2004. Inamruhusu afisa wa usalama aliye kazini au mstaafu kubeba bastola iliyofichwa karibu nchi nzima bila kujali leseni za majimbo. Lakini si kila anayelipwa na serikali ni afisa wa usalama. Uwe na mamlaka ya kukamata uliyopewa na sheria, idara yako iwe imekuidhinisha kubeba silaha, uwe unafaulu majaribio yake ya kulenga shabaha, na uwe na kitambulisho chenye picha kinachokutaja kuwa polisi au afisa wa usalama. Wewe wa ambulensi haumo. Zimamoto hawamo. Nesi hayumo, hata kama mwajiri wake ni serikali kuu.

Shemeji yako ndiye mwenye swali gumu. Sheria inataja pia wanaoshikilia wafungwa, lakini sharti la mamlaka ya kukamata liko palepale. Kuna askari wa jela waliostaafu Washington DC ambao jiji lilikataa kuwatambua. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wana haki ya kulishtaki jiji. Fikiria, watu wamefanya kazi hiyo miaka yote, bado imebidi waende mahakamani. Kwa hiyo asianze kubeba kwa kuambiwa na wenzake kantini. Aombe idara yake jibu la maandishi: nina mamlaka ya kukamata, ndiyo au hapana? Nimeidhinishwa kubeba silaha?

Kwa mstaafu ni miaka 10 ya utumishi kwa jumla, uondoke kwa heshima, na ufaulu shabaha kila miezi 12 kwa gharama yako.

Zima_Moto_254 (Texas)

Afande amemaliza upande wa LEOSA. Mimi niongelee hayo mawili mengine.

Ni kweli, tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hajakatazwa na sheria anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Mimi hata hivyo nilichukua leseni na nakushauri uichukue. Sheria ya serikali kuu inakataza bunduki na bastola ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na mwenye leseni ya jimbo ilipo shule ameruhusiwa. Asiye na leseni hana kinga hiyo. Wewe na ambulensi yako ukitoka kazini unapita shule ngapi kabla ya kufika nyumbani? Pia leseni inakubalika majimbo mengine mengi, na unaponunua bastola dukani hausubiri ule ukaguzi wa rekodi zako ambao duka hufanya kwa simu.

Ada ni dola 40, leseni ya kwanza inadumu kati ya miaka 4 na 5. Darasa ni saa 4 hadi 6, halafu mnaenda uwanjani: risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Alama ni 250, unatakiwa upate 175. Kama mkono umetulia huwezi kushindwa. Darasani sikiliza sana habari za mabango. Baa yenye bango jekundu la 51% (yaani zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe inayonywewa hapo) usiingie na silaha, leseni au hakuna leseni.

Sasa jambo ambalo wengi wetu wa huduma za dharura tunachanganya: leseni ni ya wewe kama mtu binafsi, haikupi ruhusa ya kubeba ukiwa zamu. 2021 Texas ilipitisha sheria inayoruhusu zimamoto na watu wa ambulensi kubeba wakiwa kazini, lakini katika kaunti na miji midogo, kwa wenye leseni waliopita mafunzo ya ziada. Kama uko jiji kubwa, sahau. Gari lako binafsi kwenye maegesho ya kazini ni sawa, sheria ya Texas inamzuia mwajiri kukukataza kufungia bastola humo. Ambulensi ni gari la mwajiri, na kama haumo kwenye sheria hiyo ya 2021, hapo neno lake ndilo la mwisho.

Dada_Nesi

Naomba nimsemee mke wako kwa sababu nimefanya kazi kwenye hospitali hizo. Eneo lote la hospitali ya wanajeshi wastaafu ni mali ya serikali kuu. Silaha ni marufuku, iwe wazi au imefichwa, kuanzia getini, maegesho yakiwemo. Ile sheria ya Texas ya kuacha bastola kwenye gari haifiki pale. Wafanyakazi wa posta wana katazo kama hilo.

Maana yake ni chungu: sehemu anayoiogopa zaidi, kutoka mlangoni hadi kwenye gari usiku, ndiyo sehemu ambayo leseni haimsaidii kitu, na akiibeba tu hadi getini anaweza kupoteza kazi na uuguzi wenyewe. Hospitali hizo zina polisi wao. Awe anawapigia wamsindikize hadi kwenye gari kila zamu ya usiku, bila kuona aibu. Akiwa nyumbani na mitaani, leseni ya Texas itamfaa.

Mkamba_wa_Minneapolis

Kuhusu makaratasi. Grini kadi inatosha, mimi nilipata leseni yangu kwa sherifu wa kaunti nikiwa nayo, hapa Minnesota wana siku 30 za kukujibu. Mwenye viza ya masomo au ya kazi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bastola, sembuse kuibeba. Wadogo zetu wanafunzi waambiwe hili, mashtaka yake yanakwenda hadi kufukuzwa nchini.

Bangi nayo: Minnesota ni halali tangu Agosti 2023, ila fomu ya kununulia silaha ni ya serikali kuu na inauliza kama unatumia. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni jinai. Na ukiwa na hukumu ya kumpiga mke au mume, hata kosa dogo, sheria ya 1996 inakunyang'anya haki ya silaha. Polisi mwenyewe hana msamaha hapo.

Mtoto_wa_Temeke

Nawashukuru sana. Swali la mwisho: nikipata leseni ya Texas, nikienda kumsalimia shemeji Maryland naruhusiwa kubeba?

Afande_Mstaafu

Hapana. Maryland haitambui leseni ya jimbo lingine lolote. Acha bastola nyumbani. Shemeji naye, idara ikimjibu kwamba haingii LEOSA, aombe leseni ya Maryland kwa polisi wa jimbo. Mafunzo ya mara ya kwanza ni saa 16, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2022 haulazimiki tena kueleza sababu maalum ya kuihitaji. Asome pia orodha ya sehemu zilizokatazwa na sheria yao ya 2023, maana hospitali zimo.

Mtoto_wa_Temeke

Nimeelewa. Jumamosi naandikisha darasa la Texas, mimi na mke wangu. Shemeji nimemtumia uzi huu, anaandika barua kwa idara yake kesho.