Mrejesho: Intaneti ya nyumbani mlimani Bugando
Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama nisubiri faiba (intaneti ya waya wa nyuzi za kioo) ifike huku mlimani Bugando, Mwanza, au nitafute njia nyingine. Nilichukua ruta ya 4G (kifaa kinachopokea mtandao wa simu na kuusambaza nyumbani kwa Wi-Fi), ambayo wiki ya kwanza ilinitesa mno kwa sababu niliiweka sebuleni, upande ambao jabali kubwa limesimama kati ya nyumba na mnara wa simu. Mdau mmoja alinishauri niihamishie kwenye dirisha linalotazama ziwa. Nilipofanya hivyo, taa nyekundu ya ruta iligeuka kijani na kasi ikapanda kutoka megabiti 3 hadi 21 kwa sekunde. Vyumbani natumia masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko 5 GHz. Usiku kasi hushuka, kwa kuwa mnara unahudumia wengi kwa wakati mmoja, hivyo faiba ikifika nitahamia. Nawashukuru sana.