Tupeane uzoefu: Mradi ulipokuja kijijini kwenu, nani alikuwa anahesabu?

Kibarua wa Takwimu (Iringa)

Kamwene wakuu.

Nimezunguka Kilolo, Mufindi, Mbarali na Makete miaka kumi na ushee nikiwa kibarua wa takwimu. Kazi yenyewe mnaijua. Unapewa kishikwambi, kizibao chenye nembo ya mfadhili na dodoso la maswali mia na kitu, unaingia kijijini asubuhi, jioni umeondoka. Mama anakujibu huku anapukuchua mahindi, unamshukuru, ndiyo imetoka hiyo. Majibu yanakwenda Dar, kutoka Dar yanakwenda Ulaya, na yule mama hatajua kama niliandika alichosema au nilibonyeza kisanduku cha jirani kwa usingizi.

Sasa kuna kijiji kimoja cha Kilolo kilinitoa jasho. Mradi ulikuwa wa maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe kwa bomba kutoka chanzo cha mlimani bila pampu, na kiashiria chetu kilikuwa asilimia ya vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, vinavyotoa maji. Tulipita Aprili. Kila koki tuliyofungua ilimwaga maji, tukaandika asilimia nzuri, bosi akafurahi. Wakati tunafunga begi mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini huwa hamji Oktoba?"

Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku. Kumbe akina mama wa kitongoji cha juu walikuwa wanaandika tangu Juni ya mwaka uliotangulia: tarehe, maji yalianza kutoka saa ngapi, yalikatika saa ngapi, ndoo ngapi zimejaa. Mwandishi alikuwa mtoto wa darasa la sita. Hakuna shirika lililowatuma. Walianza baada ya kugombana na mkusanya fedha wa kilula, aliyekuwa anawadai mchango wa mwezi mzima wakati maji waliyaona siku tisa.

Daftari lilisema wazi kwamba kuanzia Septemba kitongoji cha juu kilipata maji baada ya saa nne usiku tu. Yaani mpaka wa bondeni wafunge koki zao walale. Sisi na vishikwambi vyetu tungepita hata mara mia mchana wa Aprili tusingeliona hilo. Walilisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ukurasa kwa ukurasa, hadi mwenyekiti akaomba wafupishe. Wakakubaliana zamu, fundi akaweka geti valvu, ile koki kubwa ya kufungua na kufunga bomba, kwenye njia ya bondeni.

Mimi nikapeleka picha za daftari ofisini. Nikajibiwa, "Ni nzuri, lakini haimo kwenye jedwali la mradi."

Tupeane uzoefu. Nani kati yenu ameona wananchi wenyewe wakichagua cha kupima, wakapima, na majibu yakabaki kwao? Na ilipoharibika, iliharibikia wapi?

Fundi Mserereko

Mkuu, huo mchezo wa juu na chini ndio ugonjwa wa mserereko wote. Maji yanafuata mteremko, wa bondeni wakiacha koki wazi presha ya juu inakufa. Chanzo kikipungua kiangazi ndiyo basi.

Baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati ya maji miaka ya 1980, Wadenishi walipokuwa wanajenga miradi ya maji mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wananchi walichimba mitaro kwa jembe. Alitunza spana na daftari pamoja kwenye sanduku moja la bati, na ukigusa kimoja umegusa vyote. Siku hizi kuna vyombo vya watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa sheria ya 2019, karatasi zimeongezeka. Ila nilichojifunza ni kwamba daftari linaishi pale ambapo anayeandika ndiye anayekosa maji. Ukimpa mtu wa bondeni aandike, utaambiwa maji yapo saa 24.

Ndaga Fijo (Tukuyu)

Sisi tulifanyiwa ile kadi ya alama kwenye zahanati. Wanaoijua wanasema shirika la misaada la CARE ndilo lililoianzisha Malawi mwaka 2002, kwa hiyo kwetu Rungwe imevuka mpaka tu kama ndizi. Nieleze ilivyokuwa maana wengi wanadhani ni dodoso.

Kwanza mnagawanywa: akina mama peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Hilo ni la maana, kwa sababu mwanamwali hawezi kusema habari za chumba cha kujifungulia mbele ya baba mkwe. Kila kundi linataja lenyewe mambo ya kupima. Akina mama walitaja lugha ya wahudumu, dawa, muda wa kusubiri, na kitu ambacho mwezeshaji hakukitegemea: nani anachota maji ya kumwogeshea mzazi. Halafu kila jambo linapewa alama kati ya 1 na 5. Wahudumu nao wanakaa kivyao wanajipa alama zao. Mwisho mnakutanishwa.

Hapo ndipo pana moto. Sisi lugha tulitoa 2, wenyewe walijipa 4. Nesi akasimama, akasema wapo wawili tu, mwenzake yuko likizo ya uzazi, na juzi amezalisha usiku kucha kisha asubuhi akafungua dirisha la dawa hajalala. Bibi mmoja akamjibu, "Mwanangu, hilo ungetuambia. Sisi tulijua unatuchukia." Ukumbi ukanyamaza.

Tulitoka na makubaliano kwenye karatasi moja ya manila: kijiji kivute bomba mpaka zahanati, wahudumu wabandike mlangoni orodha ya dawa zilizopo kila Jumatatu. Bomba lilivutwa. Orodha ilibandikwa kama miezi minne hivi. Mradi ulipofunga, kadi haikurudiwa, na karatasi ya manila nimeiona imefunikia meza ya mtu.

Kisigino

Kwetu tulipiga kura kwa mahindi na maharage, punje moja tatizo moja, kwenye ramani iliyochorwa chini kwa majivu. Tukaenda kunywa chai. Kurudi, kuku wa balozi amekula barabara na nusu ya soko. Ripoti ikasema kipaumbele cha kijiji ni josho.

Mtendaji Mstaafu

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma vizuri, sasa nikubishie kidogo.

Hili la wananchi kufuatilia si geni wala halikuletwa na mfadhili. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na kila mwenye miaka 18 ni mjumbe. Mapato na matumizi yanasomwa pale. Nimeitisha mikutano hiyo miaka mingi. Bila posho walikuja wazee kumi na walevi wawili. Shirika likiitisha kikao chenye soda na nauli, uwanja haukutosha. Hapo ndipo mlipotuharibia watu.

La pili, mnasema "jamii" kama vile ni mtu mmoja. Kijijini kwangu iliundwa kamati ya kufuatilia ujenzi wa madarasa. Watu saba, watano ukoo mmoja, na fundi aliyekuwa anafuatiliwa ni shemeji yao. Walihesabu mifuko ya saruji vizuri sana, kwa mdomo. Tulipowalazimisha wakae na leja ya stoo pamoja na mwalimu ndipo mifuko ilipoanza kuonekana pungufu. Kwa hiyo usiniambie tu wananchi wanahesabu. Niambie ni wananchi gani, na nani anawahesabu wao.

Kijana wa Uyole

Shikamoo mzee, hiyo ya shemeji nimeicheka peke yangu kwenye daladala.

Langu ni la viazi. Dodoso linauliza "ulivuna magunia mangapi", ofisini wanazidisha kwa kilo 100 kwa sababu sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi hapo. Njoo shambani uone lumbesa, gunia limevaa kofia ya gunia jingine. Miaka mitatu mradi uliandika wakulima wetu wanavuna kidogo, wakati tunapunjwa kwa madalali. Kikundi chetu kilipoambiwa kichague kipimo chake, mama mwenyekiti akasema tupime kwa ndoo ya lita 20, kwa sababu ndoo haina lumbesa. Tukaongeza swali letu: hela ya viazi ilishikwa na nani usiku ule? Wanaume walikohoa sana. Swali likabaki.

Mkinga wa Baridi (Makete)

Mimi nililelewa na bibi, wazazi walikwenda mapema kwa ule ugonjwa. Utoto wangu wote nimejazwa kwenye madodoso. Nimehesabiwa kuliko ng'ombe. Mpaka leo sijawahi kuona hata karatasi moja iliyorudi kijijini kusema tulikuwa wangapi.

Kibarua wa Takwimu (Iringa)

Mkinga, pole ndugu yangu. Inawezekana kabisa mmoja wa waliokuhoji ni mimi.

Mzee Mtendaji, shikamoo, nimekusikia. Kwenye lile daftari la Kilolo waligundua wenyewe ujanja wa kuchungana: kila Jumapili baada ya ibada mama mmoja wa bondeni anapanda juu, anasaini ukurasa wa wiki. Asiposaini anaandika kwa nini.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama wanaandika bado. Nilipiga simu wiki iliyopita. Yule mtoto yuko sekondari sasa, anaandika mdogo wake, na ni kaunta buku la tatu. Wameongeza safu moja ambayo sijawahi kuiona kwenye dodoso lolote: jina la aliyefungua geti valvu usiku bila zamu.

Majina mawili mpaka sasa. La kwanza ni la mwenyekiti.