Wiki ya nuksi Kisaasi: simu, yaka, homa na mgeni kutoka Bukoba

Ndugu zangu Watanzania wa huku Uganda, mlio Kampala, Entebbe, Jinja na mlio mbali zaidi, habari za siku. Wakubwa zangu shikamooni.

Mlionipigia wiki iliyopita mkaambiwa namba haipatikani, sijawakimbia wala sijahama. Simu ilikwapuliwa Clock Tower, na baada ya hapo mambo yakafuatana kana kwamba yameitana. Naandika kwa sababu wawili watatu mmeniuliza pembeni nilirudishaje laini, na kwa sababu kuna mdogo wetu anahamia huku mwezi ujao akitokea Dodoma, anataka kujua aanze na nini. Aanze na mwenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa ya huku. Nitafika huko.

Simu kwanza. Nilikuwa kwenye taksi (mgeni ajue kabisa: daladala ya huku ndiyo taksi), kiti cha dirishani, mwisho wa Juni, mvua zimekata na vumbi limeanza. Joto la jioni, madirisha yote wazi, foleni haisogei. Nazungumza na dada yangu aliyeolewa Bukoba, anaulizia mwanawe aliyekuja kwangu kupumzika shule zilipofungwa. Kijana akapita katikati ya magari kama wale wauza maji, mkono ukaingia dirishani, simu ikatoka sikioni pangu nikiwa katikati ya neno. Dada anasema alisikia mtu anahema, pikipiki, halafu kimya. Ndani ya taksi watu wote "bambi, nnyabo, bambi!" (maskini mama, maskini!) Konda akainuka akafunga dirisha. Sasa ndiyo anafunga.

Mnajua wenyewe, huku simu ndiyo pochi. Yaka, ndiyo LUKU ya huku, unalipa kwa simu, maji kwa simu, karo kwa simu, hata mama wa nyanya ana namba yake ameiandika kwenye mbao za kibanda. Laini ikikatika umefilisika ghafla, hata kama kuna hela.

Nikaenda polisi kuchukua barua ya kupotelewa. Na hapo, ndugu zangu, Kiswahili kilinifaa kuliko siku zote nilizokaa huku. Sokoni ukianza na Kiswahili kuna muuzaji anakupandishia bei, kuna anayekutazama kama umetumwa, maana kwa miaka mingi hapa ilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee wanayakumbuka ya miaka ya sabini. Katiba imeshakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini katiba haiuzi nyanya. Polisi mambo ni kinyume: afande aliponisikia na Kiswahili changu cha Tanga akamwita mwenzake aje asikilize. Nikasimulia wizi mara ya pili kwa ajili ya burudani yao, barua ikaandikwa, muhuri ukagongwa.

Duka la kampuni ya simu ndiko kulikokuwa na kazi. Laini yangu niliisajili kwa pasipoti ya zamani. Nilipobadilisha pasipoti, namba nayo ikabadilika, kwa hiyo kwenye kompyuta yao mwenye laini ni mtu mmoja na mimi niliyesimama mbele ya kaunta ni mwingine. Binti wa watu akanitazama, akatazama kioo, akanitazama tena. Nikamtolea zote mbili, mpya na ile ya zamani iliyokatwa kona, halafu barua ya polisi, halafu barua ya LC1 inayosema fulani ni mkazi wetu, tunamfahamu. Akaenda nazo kwa mkubwa wake. Nikakaa weee. Aliporudi alikuwa ameshika kadi mpya ya laini. Kwa hiyo pasipoti iliyokwisha muda msiitupe, na msiipeleke nyumbani kwa mama ikahifadhiwe kabatini. Iwe huku huku, pamoja na hiyo mpya.

Na hiyo barua ya LC1. Mdogo wetu wa Dodoma, mwenyekiti wa LC1 ni kama mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, ila huku anaulizwa zaidi. Kupanga nyumba, kufungua akaunti, kumdhamini mtu polisi, utaambiwa leta barua ya LC. Ukishafika, wiki hiyo hiyo nenda ukajitambulishe, mwambie unatoka wapi, unafanya nini, unaishi kwa nani. Kuna chochote cha muhuri, toa bila maneno. Usisubiri siku ya shida, maana siku ya shida atakuuliza "wewe nani?" na atakuwa na haki.

Sasa yaka. Usiku huo huo wa simu, laini bado haijarudi, umeme ukaisha. Haukukatika, uniti ndizo zilizokwisha, na pa kununulia ni kwenye simu iliyokwisha kwenda na kijana wa watu. Nikateremka dukani kwa mzee wa chini ya nyumba. Hakuniuliza nitalipa lini. Akanunua ya elfu kumi kwa laini yake, akaanza kuninakilia namba kwenye kipande cha boksi la sabuni, tarakimu 20, anaandika huku anazungumza na mteja mwingine. Nyumbani giza. Mtoto wa dada anashika tochi, mimi nabonyeza. Mita inakataa. Tunarudia. Inakataa. Mzee huyu saba yake na moja yake ni mapacha, na kwenye hizo 20 zilikuwepo tano za namna hiyo. Mtoto ndiye aliyegundua: zenye mkia kidogo ni saba. Taa zikawaka, akapiga kelele kama amefunga goli.

Ushauri kwa wanaotumia umeme kidogo kama mimi: uniti 15 za kwanza za kila mwezi zina bei ya chini, kwa hiyo mwisho wa mwezi nunua ya kusogeza siku tu, manunuzi makubwa yangoje tarehe 1.

Siku ya pili yake maji nayo yakakata. Hilo mmelizoea, silisimulii. Madumu, mkokoteni, mgongo.

Homa ndiyo iliyonitoa jasho. Mtoto alilala vizuri, akaamka usiku wa manane anatetemeka, meno yanagongana. Laini sina, gari sina. Nikamtuma askari wa geti aende stegi ya bodaboda. Yupo kijana mmoja pale ambaye hunipeleka kazini, namjua kwa jina, namjua na mke wake. Alikuja kandambili miguuni. Tukampakia mtoto katikati, tukaenda zahanati inayofanya kazi usiku, akatungoja nje mpaka vipimo vikatoka, akaturudisha, hela akakataa mpaka laini irudi. Mimi nasema hivi: mwenye hela benki bila bodaboda anayemjua kwa jina, Kampala hii bado hajapata makazi.

Kipimo cha haraka kikasema malaria. Bibi yake mzaa baba akapiga simu ya jirani kutoka Bukoba, analia: mbu wa Kampala wamemuua mjukuu wangu. Bibi, shikamoo, lakini mtoto ana siku nne tu hapa, na malaria tangu mbu aume mpaka homa ipande huchukua wiki moja au zaidi. Amekuja nayo begani kama mkoba. Sikumwambia. Nilisema "ndiyo mama, tutaweka neti."

Akapewa dawa mseto, kwa uzito wake vidonge vitatu kila mara. Dozi ya pili zikipita saa nane tangu ya kwanza, halafu asubuhi na jioni mpaka siku tatu zitimie, na kila mara awe amekula kitu chenye mafuta au maziwa, vinginevyo dawa haiingii mwilini vizuri. Mtoto anayekataa kula utampa nini chenye mafuta? Hapo ndipo jirani yangu akaingia.

Ni bibi wa Kiganda, makamo ya mama yangu, Kiswahili hana hata cha kuombea chumvi. Miaka yote mimi naye ni "gyebale ko, nnyabo" (hongera kwa kazi, mama) na tabasamu, basi. Akaja na matoke yamefungwa kwenye majani ya mgomba, moshi unatoka, na bakuli la binyebwa, ule mchuzi wa karanga. Akakaa kitandani kwa mtoto, akasema neno. Mtoto akajibu. Akasema jingine, mtoto akacheka! Yule anasema Kiganda, huyu anajibu Kihaya cha kwa baba yake, na wanasikilizana kama waliolelewa nyumba moja. Mimi mwenye nyumba, mwenye mgonjwa, mtu wa Tanga, nimekaa kwenye kiti nageuza shingo mara huku mara kule. Bakuli likaisha. Tangu siku hiyo bibi anapitia dirishani kuuliza habari za "mjukuu wake", na mimi ananiambia kupitia kwa mtoto kwamba ndoo zangu sizifuniki vizuri.

Mambo sasa yametulia. Maji yamerudi, mtoto anakula rolex za kona (chapati iliyoviringishiwa mayai) mpaka muuzaji akimwona anavunja mayai bila kuulizwa. Mlionitumia pole kwa Facebook, nimeambiwa tu kuwa mlituma. Huku imefungwa tangu Januari 2021, na VPN yangu, ile programu ya kuingilia mlango wa nyuma, ilikwenda na simu.

Wenu,
Mama wa Kisaasi

---

Jibu, kutoka Mbarara:

Pole sana dada yangu. Hiyo saba na moja nimecheka nikiwa ofisini.

Niongeze mawili, na moja ni la kubishana. Hii barua ya LC msiifanye hirizi. Inasema wewe ni mkazi, haisemi una haki ya kukaa nchini wala kufanya kazi. Hayo ni ya uhamiaji, na mwenyekiti wako hata awe rafiki vipi hana kauli. Mdogo wetu wa Dodoma asije akadhani muhuri wa kijiji umemaliza kazi. Na kama kilichoibwa ni pasipoti yenyewe, ukishapata barua ya polisi mbio zako ni ubalozini kwetu, Barabara ya Kagera pale Nakasero, wakupe hati ya dharura. Piga picha ukurasa wa pasipoti leo, ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Itakuokoa maelezo mengi.

La pili ni la hela. Tozo ya serikali ya asilimia 0.5 inakaa kwenye kutoa hela za simu, siyo kwenye kulipa kwa simu. Naona wengi wanatoa fedha kwa wakala halafu wanavuka barabara kwenda kumlipa muuza duka ambaye ana namba ya malipo ukutani. Mlipe kwa simu moja kwa moja.

---

Jibu, kutoka Najjera:

Dada, mimi ni muuguzi na nimefurahi umetaja mafuta, watu wengi huruka hapo. Wengine wanapewa dawa, homa inashuka siku ya pili, vidonge vinavyobaki wanaviweka kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Msifanye hivyo hata siku moja, dozi imalizwe. Na mtoto akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, apewe dozi ile tena, halafu rudi ulikoipata uchukue za kufidia, zisije zikapungua mwishoni. Akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hapo si suala la vidonge tena, kimbia hospitali usiku huo huo.

Kituo cha afya cha serikali kipimo na mseto ni bure, kwa wale ambao si usiku wa manane.

Swali langu: huyo mtoto wa dada yako ana kadi ya homa ya manjano? Akirudi Tanzania akitokea Uganda wanaweza kuidai mpakani Mutukula, na chanjo inataka iwe imetimiza siku 10 ndipo ihesabike. Ukichanja mara moja ni ya maisha, hakuna tena ile ya kurudia kila miaka 10. Akiwa hana, mipango ya safari ianze na hiyo.

---

Kaka wa Mbarara, ahsante, na kwenye uhamiaji sibishi. Ila nakwambia yule binti wa kaunta alichokisoma mpaka mwisho ni barua ya LC.

Mdogo wangu wa Najjera, kadi anayo, baba yake alimchanja mapema kabla hajaja, mwanamume yule ana mpangilio. Dozi amemaliza, nilihesabu vidonge mbele yake.

Jumamosi namrudisha. Nimekodi gari mpaka Mutukula, baba yake anampokea upande wa pili. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri tuipite Masaka mapema. Tutasimama Kayabwe kwenye ikweta, maana alipokuja alipita amelala na ameapa hapiti tena bila picha, mguu mmoja kaskazini mmoja kusini. Shemeji anakuja na mchele na dagaa, anayetaka kuagiza aniambie mimi, asimpigie yeye. Na viti viwili viko wazi kwenda na kurudi, tunachangia mafuta. Mwenye kuhitaji ajibu hapa kabla ya Alhamisi jioni, na atakayekaa dirishani simu yake aiweke mfukoni mpaka tuvuke Natete, tutoke mjini.