Ladha za ajabu za aiskrimu ughaibuni: Sicilia, Uturuki au Japani?

KijikoMfukoni
Salaam wakuu. Nina wiki mbili za likizo mwezi wa nane, na nauli ya nchi moja tu. Shabaha yangu ni aiskrimu: nataka ladha ambazo ulimi wangu haujawahi kuzigusa. Nimechuja nikabaki na Sicilia, Uturuki na Japani. Mliozila huko nilinganishieni. Naomba tu tusipelekane kwenye maduka yenye ladha mia mbili. Safari iliyopita niliingia moja la aina hiyo, nikaagiza ya waridi, nikapewa sukari na rangi, waridi lenyewe sikulisikia.

Zafarani_Kidogo
Sicilia, bila kusita. Kuna jelato, aiskrimu ya Kiitalia, ya njugu za pistashio za Bronte, mji ulio kwenye miteremko ya volkano ya Etna. Miti ile huvunwa mwaka mmoja na kupumzishwa unaofuata; mavuno huangukia miaka ya namba witiri, na ndiyo maana bei yake iko juu. Usitegemee kijani cha kung'aa. Pistashio halisi ikisagwa na maziwa rangi hufifia, huelekea udongo.

Ila iliyonikaa moyoni si jelato, ni granita ya asumini. Maua hulowekwa kwenye maji baridi bila kupikwa, kisha maji yale hutiwa sukari na kugandishwa huku yakikorogwa. Upande wa Trapani huongeza mdalasini na kuiita scursunera. Ukiitia mdomoni, kwanza unasikia baridi tupu. Harufu inakuja ukishameza, inapanda taratibu, na kabla haijaisha unatamani kijiko kingine. Zipo pia za lozi na za forosadi nyeusi. Huliwa asubuhi kwa mkate laini wa brioche, unamega na kuchovya. Nilizila siku nne mfululizo.

MchiWaMbao
Dada Zafarani, nakuheshimu, lakini kwangu mimi ugeni wa kweli uko kwenye meno kuliko kwenye ladha. Dondurma, aiskrimu ya Kituruki, ya mji wa Kahramanmaraş hutengenezwa kwa maziwa ya mbuzi na salep, unga wa viazi vidogo vya okidi mwitu. Unga huo ndio unaoifanya inate, ivutike na ikawie kuyeyuka, hata inakatwa kwa kisu na kuliwa kwa uma. Ladha ni ya maziwa, na okidi kwa mbali.

Jambo moja linaniuma: kilo moja ya salep inahitaji viazi zaidi ya 1,000, na okidi hizo zinapungua porini. Uturuki imepiga marufuku kuuza salep halisi nje ya nchi, kwa hiyo ya kweli ni ya kuifuata kwao. Iko nduguye huko Damascus, Syria, kwenye duka la Bakdash ndani ya soko la Al-Hamidiyah: ile hutwangwa kwa michi ya mbao na kufunikwa kwa pistashio.

Ufuta_Mweusi
Mbona Japani haijapata msemaji? Kule karibu kila eneo lina aiskrimu laini inayotokana na kinachozalishwa papo hapo. Azumino, mkoani Nagano, kuna shamba kubwa la wasabi, kiungo kikali cha kijani kinachowasha pua, na aiskrimu ya wasabi ipo. Kisiwa cha Shodoshima kinatengeneza mchuzi wa soya, nao wameutia kwenye koni. Unaonja kama sukari iliyoungua yenye chumvi, na ni tamu kweli. Ya wasabi onja mara moja, inatosha. Ya jani la dhahabu ya Kanazawa iache kabisa, dhahabu haina ladha.

Iliyoniteka ni ya ufuta mweusi. Kijivu kizito, uchungu kidogo, halafu mafuta ya ufuta uliokaangwa yanabaki ulimini muda mrefu.

Mkorogaji
Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye jiko la jelato, niongeze la fundi. Baridi hufisha ulimi. Jelato huuzwa ikiwa na baridi pungufu kuliko aiskrimu ya kawaida, na ina mafuta kidogo na hewa kidogo, hivyo hata ladha ya upole kama lozi inasikika. Ukiona imerundikwa kama mlima juu ya chombo na haiporomoki, jua hewa na vigandishi ni vingi. Mimi hutafuta vyombo vya chuma vyenye vifuniko, kisha naomba kionjo cha limau kabla ya ladha yoyote ya ajabu. Limau haina pa kujificha: ikiwa imetiwa kiini cha dukani utaijua papo hapo, na ya asumini hapo usiiguse.

KijikoMfukoni
Mkorogaji, hilo la limau limeniokoa. Dada Zafarani, mwezi wa nane asumini itakuwepo?

Zafarani_Kidogo
Ipo, ni ua la kiangazi. Pistashio mpya huvunwa kuanzia mwishoni mwa mwezi huo na kuendelea Septemba, kwa hiyo utakula za mavuno yaliyopita.

MchiWaMbao
Mimi nimekubali kushindwa kwa mwezi huu tu. Ukipata nauli nyingine, Kahramanmaraş.

KijikoMfukoni
Nimeshakata tiketi ya Catania, Sicilia. Asubuhi ya kwanza naanza na limau.